Sisimizi kwenye Kompyuta ya Madamu

Chiku Boga alikuwa na sheria moja kazini: kitu chenye waya hakigusi. Simu, birika la umeme, taa ya mezani, vyote alifagia kandokando yake na kuvizunguka kama mtu anavyomzunguka anayeswali. Sheria hiyo hakupewa na mtu. Aliitoa Diani, katika hoteli alikofua mashuka kwa miaka kumi na miwili, baada ya kumwona mwenzake akirushwa ukutani na mashine ya kukaushia nguo. Mwenzake alipona, ila hakurudi tena dobi, na Chiku tangu siku hiyo akawa haamini kitu chochote kinachonguruma peke yake.

Hoteli yenyewe ilimwacha mwaka wa tisini na saba. Machafuko ya Likoni yalipowakimbiza wageni, vyumba vilibaki vitupu, na wafuaji wakaambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Chiku alingoja Bongwe kwa kaka yake. Mvua za El Nino zikaja, zikabomoa, zikapita, naye hajaitwa. Ndipo aliposikia kwamba mradi mmoja wa visima unafungua ofisi Msambweni, na kwamba unatafuta mfagizi mwaminifu. Waliposema kufagia hakushtuka, kila mtu anajua kufagia. Lile neno la pili ndilo lililomfanya avae leso zake nzuri na kwenda siku hiyohiyo. Marehemu mama yake aliwekeshwa amana na kijiji kizima, na haikupotea hata shanga moja.

Ofisi ilikuwa ya vyumba viwili na watu watatu. Msimamizi alikuwa Bi Lenah, mwanamke wa Kakamega, mrefu, mwenye haraka, ambaye siku tatu kwa wiki alikuwa Majoreni na vijiji vya huko akipima visima. Karani alikuwa Lennox, mtu wa Kitui, wa umri wa miaka thelathini na kitu. Wa tatu alikuwa Chiku. Funguo zilikuwa mbili: Chiku alifungua asubuhi, Lennox alifunga jioni. Chiku aliufunga wake kwenye pindo la leso, na usiku aliulalia.

Kitu cha thamani kuliko vyote pale ofisini kilikuwa laptopu ya Bi Lenah. Bawaba yake moja ilikuwa imelegea, na Bi Lenah aliogopa kuikunja na kuikunjua kila siku, basi ikakaa mezani imefunuliwa usiku na mchana, kioo juu, vitufe chini, kama kitabu kilichosahauliwa. Chiku hakuipenda hali ile. Kwao redio ilivaa kitambaa, chupa ya chai ilivaa kitambaa, hata migongo ya viti ilikuwa na nguo yake. "Kitu kizuri namna hii kikae uchi, madamu?" alisema, na wiki iliyofuata akaleta kitambaa alichokifuma kwa krosheti, cheupe chenye pindo la kijani, cha kufunika mashine yote kuanzia kioo hadi vitufe. Bi Lenah alifurahi mpaka akamkumbatia.

Na kwa kuwa masika ya mwaka ule wa tisini na tisa yalikuwa ya mvua nyingi na ofisi ilinuka ukungu, Chiku akaongeza jambo la pili bila kuambiwa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi alioupika mwenyewe, akafukiza vyumba vyote viwili. Kile kitambaa alikitandaza juu ya chetezo kama nguo za bi harusi, kikaingia moshi vizuri, kisha akakirudisha juu ya mashine kingali na joto. Mashine yenyewe hakuigusa. Ina waya.

Jumatatu moja mwezi wa Mei, Bi Lenah aliita kwa sauti ambayo Chiku hakuwahi kuisikia.

"Bi Chiku! Lennox! Njooni hapa nyote wawili."

Walimkuta amesimama, kitambaa kiko mkononi mwake. Akaonyesha kwa kidole. Sisimizi mmoja alitoka chini ya kitufe cha A, akazunguka kana kwamba anatafuta anwani, akaingia chini ya S. Mwingine akamfuata. Kisha wawili kwa mpigo.

"Nani anakula hapa?"

Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Sisimizi hawaji bure. Kitufe hiki kinanata, nikikibonyeza hakirudi. Na hiki kioo mnakiona? Kina ukungu wa hudhurungi, kama mtu amekipaka chai. Hesabu za visima mia na arobaini zimo humu, na mwisho wa mwezi zinatakiwa Mombasa. Mashine hii ikifa, nitawaambia nini?"

"Mimi lanchi nakulia kwa Mama Shutu, madamu," Lennox alisema. "Hata yeye anaweza kukuambia."

"Mimi leo nimefunga, madamu," Chiku alisema.

"Sikuulizi leo, Bi Chiku. Nauliza siku zote."

Bi Lenah aliketi, akaweka kitambaa kando.

"Mimi nikiwa Majoreni, wenye funguo ni nyinyi wawili. Kuna mtu anakaa kwenye kiti changu, anafungua mashine yangu, anakula vitu vitamu juu yake. Ijumaa nataka kujua ni nani. Mmoja wenu ataondoka. Na nisipojua ni yupi, wote mtaondoka, niletewe watu wengine."

Chiku alitoka nje, akasimama penye tangi la maji ya mvua, akaushika ufunguo ndani ya pindo. Akilini aliwaona watu wa Bongwe wakiulizana ni kwa nini Chiku amerudi, na akamsikia mmoja akijibu kwa sauti ya chini. Hakuna mfagizi anayefukuzwa kwa kula. Anafukuzwa kwa kuiba, na wao wangesema hivyohivyo, kwa heshima, na mama yake kaburini angesikia.

Basi kama si yeye, ni nani? Hesabu ilikuwa ya watu wawili, na mmoja alimjua: hajaigusa. Amebaki mmoja.

Alianza kumtazama Lennox kama mtu anavyotazama maziwa jikoni. Akaona mambo ambayo zamani aliyaona bila kuyaona. Mfuko wa shati ulikuwa unachakarika kila akitembea. Shavu la kushoto lilikuwa na uvimbe unaohama, asubuhi uko kushoto, adhuhuri uko kulia. Kwenye ndoo ya taka ya chumba chake, Jumanne, Chiku alihesabu karatasi kumi na moja za tofi.

"Lennox mwanangu," alimwambia akiwa ameinama na fagio, "shavu hilo, jino?"

"Ni tofi, mama. Niliacha sigara Krismasi. Nikikosa kitu mdomoni nachizika."

"Na watafunia wapi?"

"Mdomoni, mama."

"Nauliza ukiwa wapi."

Lennox aliacha kuandika, akamgeukia. "Mama, hiyo ni stori gani sasa? Si useme tu."

"Sina stori. Mimi mfagizi, nafagia."

Lakini alipompelekea Bi Lenah chai alichelewa kidogo kuondoka. "Madamu," alisema, "wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako." Bi Lenah alimtazama, akatazama mlango wa chumba cha Lennox. Chiku aliona kwamba neno limeingia.

Neno peke yake halitoshi. Jumatano jioni, kabla ya kuondoka, Bi Lenah akiwa tayari ameshakwenda zake, Chiku alichukua unga wa muhogo aliokuja nao kwenye kikopo, akaunyunyiza sakafuni kuizunguka meza ya laptopu, mwembamba mno hata mtu mwenye haraka hangeuona. Alifanya hivyo akiwa ameshika pumzi. Utotoni waliwakamata kwa majivu paka wezi wa samaki, na mtu si mwerevu kuliko paka, hasa akiwa na njaa ya utamu. Hakuizima feni, kwa kuwa ina waya.

Alhamisi alifika mapema kuliko kawaida. Nyayo zilikuwepo! Viatu vya mwanamume, vyenye soli ya mistari, kutoka mlangoni hadi mezani. Chiku hakuzifagia. Alikaa kizingitini akizilinda mpaka Bi Lenah alipofika, akamshika mkono, akamwonyesha.

"Lennox," Bi Lenah alisema karani alipoingia, "inua mguu."

Aliinua. Soli ilikuwa ya mistari.

"Jana jioni ulikuwa unafanya nini mezani kwangu?"

"Mezani? Sikuwa mezani. Mvua ilianza, nikaja kufunga dirisha." Alionyesha. Dirisha lilikuwa nyuma ya meza, na kulifikia hakuna njia ila kupita pale. "Halafu huu unga umetoka wapi? Nani amemwaga unga kwa ofisi?"

"Mimi," Chiku alisema. "Mwizi hakamatwi kwa hodi."

"Mwizi? Mama, unaniita mwizi?"

"Nakuita mtu wa tofi. Sisimizi wanakufuata hata njiani."

"Madamu, umesikia? Mimi natunza hii ofisi, nafunga madirisha, kumbe mtu ananipikia ugali chini ya miguu..."

"Usinichezee, Lennox. Nyinyi watu wa bara..."

Chiku alisikia maneno yake mwenyewe na kusita. Mvua ilikuwa imekoma, na feni ilikuwa inazunguka polepole juu yao. Lennox hakuwa amekasirika tena. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna mbaya zaidi. Chiku alijua, kwani kila mtu Msambweni alijua, kwamba Agosti ile ya machafuko ya Likoni, watu wa bara walipofukuzwa, Lennox alilala siku tisa kwenye uwanja wa kanisa pamoja na mamia ya watu, na kwamba aliporudi kwenye chumba chake cha kupanga Ukunda alikuta mlango hauna kitasa na ndani hamna kitu.

"Malizia, mama," alisema taratibu. "Sisi watu wa bara tumefanya nini?"

Chiku hakumalizia. Alichukua fagio akafagia unga. Hata hivyo, moyoni hakumwacha. Dirisha lilikuwa udhuru mzuri mno. Mwenye hatia huwa nao tayari.

Ijumaa alifukiza kama kawaida, akasoma dua ndefu kuliko kawaida, akakirudisha kitambaa. Saa tatu akaingia mgeni aliyeagizwa na Bi Lenah: msichana wa nywele fupi, mkoba begani, suruali ya jinzi. Aliitwa Maryanne na alitengeneza kompyuta za hoteli za Diani.

"Shikamoo mama," alimwambia Chiku.

"Marahaba mwanangu," Chiku alijibu, macho kwenye mkoba. Fundi mwanamke alikuwa hajamwona. Alisogea mlangoni ili aone kila kitakachotolewa na kila kitakachorudishwa.

Bi Lenah alimwita Lennox pia. Alitaka wote waone kwa macho yao. Maryanne aliondoa kitambaa bila kukitazama, akakitupa kitini. Kwanza aliizima mashine, akangoja mpaka ikanyamaza kabisa. Akachomoa waya ukutani. Akaipindua, akatoa betri kutoka tumboni mwake, akaiweka mbali.

"Watu wanasahau betri," alisema. "Wanachomoa waya wanaona imekufa. Haijafa. Ukiisafisha hivyo unaweza kuichoma bure."

Chiku alipenda hilo, japo hakutaka kulipenda.

Maryanne aliinua mashine, akaielekeza vitufe chini juu ya karatasi nyeupe, akaipigapiga mgongoni kwa vidole, pole, kama anayemcheusha mtoto. Vitu vikaanguka. Mchanga. Nyuzi fupi. Sisimizi watano, mmoja mzima. Na vumbi jeupe laini ambalo Maryanne alilisugua kati ya vidole.

"Huu ni unga. Nani anapika chapati hapa?"

Lennox alimtazama Chiku. Chiku alitazama feni.

Kisha Maryanne alitoa brashi ndogo ya nywele laini, akapita kati ya safu za vitufe, kila mara akielekea upande mmoja, akisukuma uchafu nje badala ya kuuingiza ndani. Alipofika kwenye A alisimama. "Hiki lazima kitoke. Huwa sing'oi ovyo. Chini kuna vijikucha vya plastiki, nikivunja kimoja hatupati kingine mpaka Nairobi." Alikiinua kwa ncha ya kibanzi cha plastiki, upande mmoja, kisha wa pili. Kikatoka.

Chini yake palikuwa na kitu kama punje ya mchele, cheusi. Maryanne alikishika kwa kibano. Kikavutika kama ulimbo.

"Tofi," Bi Lenah alisema.

Bi Lenah alimgeukia Lennox, naye Lennox akatoa mkono mfukoni, akafungua kiganja. Mlikuwa na tofi tatu.

"Zangu ni nyeupe, madamu, za maziwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hilo halitamsaidia.

"Tofi ikiungua si inakuwa nyeusi?"

"Inaungulia wapi sasa?"

"Mimi nitajuaje? Nenda kakusanye vitu vyako, Lennox. Barua nitaandika mchana."

Maryanne, kwa kuwa hayo hayakumhusu, alikuwa ameendelea na kazi. Alilowesha pamba ya kijiti kwa spiriti, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, akafuta pale palipokuwa na ile punje. Harufu ikapanda.

Chiku, mlangoni, aliinua kichwa.

Miaka kumi na miwili ya dobi ilikuwa imempa pua. Doa la divai, doa la mafuta ya kuotea jua, doa la damu iliyojaribiwa kufichwa kwa poda, vyote alivitambua kabla ya kuviona. Hiki hakuhitaji kukinusa mara mbili. Ilikuwa harufu ya jikoni kwake siku ya Jumatano, sufuria ya shaba, sukari ikiungua polepole mpaka inakuwa nyekundu, halafu vipande vya udi, halafu marashi. Aliwatazama wengine. Bi Lenah alikuwa anatafuta kalamu. Yeye na Lennox waliishi ndani ya harufu ile kila Ijumaa, hawakuisikia tena. Maryanne, ambaye hakuishi humo, alikuwa amesema alipofungua chupa yake kwamba spiriti ilishamuua pua zamani.

Hakuna aliyejua. Na hakuna ambaye angejua.

Lennox alimpita pale mlangoni bila kumtazama, akaingia chumbani kwake. Chiku alisikia mtoto wa meza akivutwa, kitu kikiwekwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha kingine. Vitu vyake vilikuwa vichache. Angemaliza upesi. Naye Chiku angebaki na ufunguo wake, na Bongwe wasingeuliza swali lolote. Ingempasa kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna doa.

Alijaribu kunyamaza. Alihesabu vitu vinne vikiingia mfukoni.

"Madamu," alisema, "hiyo si tofi."

"Nini, Bi Chiku?"

"Hiyo ni udi. Ni udi wangu."

Bi Lenah alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. "Udi si mti? Sisimizi wanakula mti?"

"Huo wa dukani ni mti mtupu. Sisi twaupika, madamu. Mna sukari ndani. Ukiwekwa motoni hurukaruka." Alikwenda kitini, akakichukua kitambaa chake, akakigeuza upande wa ndani, akakitandaza mbele yao. Katika matundu ya krosheti, hapa na pale, palikuwa na vijipunje vya hudhurungi vilivyoganda kwenye uzi. Mahali kilipoegemea kioo, kitambaa chote kilikuwa na rangi ya chai. "Kila Ijumaa nakifukiza hiki, kisha naifunika nacho. Mashine sikuigusa, wallahi. Nguo yake ndiyo niliyoitia moshi."

Kule chumbani mfuko wa plastiki ulikuwa umenyamaza. Lennox alikuwa amesimama mlangoni.

Maryanne alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Nisameheni. Nimetoa soda kwenye hizi mashine, nimetoa mchanga wa Diani ndoo nzima, hoteli moja nilitoa mjusi. Kompyuta iliyofukizwa kama bi harusi ndiyo ya kwanza."

Hakuna aliyecheka naye.

"Wiki nzima, mama," Lennox alisema.

"Wiki nzima. Niwie radhi, mwanangu. Na lile neno la jana pia. Hilo zaidi."

Lennox alimtazama muda mrefu. "Nimesikia," alisema, na kurudi kutoa vitu vyake kwenye mfuko. Nimesikia si nimesamehe, na Chiku alikuwa mtu mzima, alijua tofauti.

Bi Lenah alimnyoshea mkono. "Ufunguo, Bi Chiku."

Vidole vilikuwa vizito kufungua pindo. Aliuweka kiganjani kwa madamu, ukiwa na joto la mwili wake.

"Si kwa ajili ya udi," Bi Lenah alisema. "Udi hukujua. Ni kwa ajili ya unga. Kazi utaendelea nayo, na ufunguo nitautazama tena mwisho wa mwezi."

Chiku aliitikia kwa kichwa. Alitaka kuingia ardhini, lakini Maryanne alikuwa bado na kioo, na fundi hakutaka kuondoka bila kumwonyesha mtu namna ya kukitunza.

"Mama, wewe ndiye utakayekisafisha kila wiki. Njoo. Niletee maji."

Chiku alileta kikombe kutoka kisima cha uani. Maryanne alitia ncha ya kidole, akaonja, akakunja uso. "Maji haya yana chumvi. Yakikauka yanaacha madoa meupe. Hamna mengine?" Basi akaleta ya tangi la mvua. Maryanne akatoa kitambaa cha duka, kipya, Chiku akakishika akakisugua kwa kidole gumba.

"Hiki kina wanga bado," alisema bila kufikiri. "Kitakwaruza." Akatoa kwenye kikapu chake kipande cha leso kuukuu, kilichofuliwa miaka mingi mpaka kikawa laini kama sikio la mbuzi.

Maryanne alikipapasa, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Kumbe unajua. Hicho hasa. Kwanza kikavu, utoe vumbi. Kisha ukiloweshe kidogo, ukikamue. Maji hayamwagwi kwenye kioo hata siku moja, yanapitia kwenye nguo. Na spiriti ni ya vitufe peke yake, kioo hiki ikikigusa inakiharibu. Juu kwenda chini. Usikandamize, nyuma yake ni laini kama yai."

Chiku alisimama mbele ya mashine. Waya ulikuwa umelala sakafuni, betri iko kwenye kiti. Aliigusa kwa mara ya kwanza, kwa ncha za vidole, kupitia leso. Ukungu wa hudhurungi ulikuja na nguo, mstari baada ya mstari. Walingoja saa nzima ikauke. Kitufe cha A kilirudishwa mahali pake kwa mlio mdogo, betri ikarudi, na Bi Lenah alipoiwasha, hesabu za visima vyote zilikuwa pale. Alitoa pumzi kwa sauti. Chiku alikunja kitambaa chake cha krosheti, akakitia kikapuni.

Jumatatu iliyofuata alifika saa kumi na mbili na nusu kama siku zote, akakumbuka kwamba hana ufunguo, akaketi kizingitini. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Lennox kwa kawaida alifika saa moja na nusu. Ikawa saa mbili kasorobo, ikawa saa mbili. Watu walipita wakiuliza, "Bi Chiku, leo umefungiwa nje?" naye akajibu kwamba anangoja mwenzake. Anachelewa makusudi, aliwaza. Kisha akawaza kwamba barabara ya Ukunda ina matope. Kisha akarudi kuwaza kwamba ni makusudi.

Lennox alifika saa mbili na dakika kumi, viatu vyake mkononi, miguu yenye matope hadi kwenye ugoko.

"Shikamoo," alisema, bila kusema mama.

"Marahaba."

Alifungua mlango. Hakuomba radhi kwa kuchelewa, na Chiku hakuona kwamba ana haki ya kudai. Alifagia vyumba vyote viwili, kisha akaizima mashine kama alivyofundishwa, akachomoa waya mwenyewe, akatoa betri, akachukua brashi aliyoachiwa na Maryanne.

Akiwa katika safu ya kwanza alihisi anatazamwa. Lennox alikuwa amesimama kwenye mlango wa katikati, mikono kifuani. Alitazama brashi, akatazama vidole, akatazama mahali betri ilipowekwa. Chiku aliendelea. Shingo ilimwasha, mkono ukawa mzito, akaikosea njia brashi, akarudia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Lennox zile siku tano. Hakugeuka kumwuliza anatazama nini.

Brashi ilipofika kwenye safu ya mwisho, alisikia kiti kikivutwa katika chumba cha pili, na baada yake karatasi ya tofi ikifunguliwa.